Vijidudu vya Kusafisha Maji: Je, Ni Halali?



Siku moja, baada ya fundisho la vijana wanaojitayarisha kupokea Kipaimara, mmoja wao alibaki nyuma. Ni mtoto wa masomo ya sekondari, tena apenda elimu ya viumbe kuliko mpira. Akaniuliza: «Mwalimu, je, ni dhambi kubadili kijidudu ili kisafishe maji?» Nilikuwa na haraka. Nikamjibu kwamba Mungu peke yake ndiye Mwumba, na mtu asiitie mkono kazi yake. Kijana akanyamaza kwa heshima, lakini niliona usoni pake kwamba hakutosheka. Usiku ule mimi nami sikutosheka. Nilikuwa nimemjibu kama mtu anayefunga mlango kabla ya kutazama ni nani aliyebisha hodi.

Juma lililofuata nilimwita, nikamwomba anieleze habari yote kwa utaratibu. Alieleza vizuri. Nayaandika hapa mazungumzo yetu, pamoja na yale niliyoyasoma tangu siku ile na mawazo yangu mwenyewe, kwa sababu swali lile ni zito na jibu langu la kwanza lilikuwa la uvivu.

Kwanza habari yenyewe. Chukua milimita moja, uigawe katika vipande 1,000,000. Kipande kimoja ndicho kinachoitwa nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Kijidudu kile ambacho waganga hukiita bakteria, kisichoonekana ila kwa darubini, huwa na urefu wa nanomita 1,000 au 2,000. Sasa ziko chembe ndogo kuliko hicho kijidudu, zenye nanomita 1 hadi 100 tu, nazo huitwa chembe za nano. Mbele ya kijidudu, chembe ya namna hiyo ni kama harage mbele ya chungu cha kupikia.

Mafundi wa siku hizi hutengeneza chembe hizo kwa makusudi, kwa sababu kitu kikifanywa kidogo hivyo hupata nguvu ambazo hakikuwa nazo. Fedha nyeupe, ile ya kalisi, yajulikana tangu zamani kwamba huua vijidudu. Ikifanywa chembe za nano, huifanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi. Basi huitia katika bandeji za watu walioungua moto. Huitia pia katika soksi na nguo za michezo, ili zisinuke. Chembe za titani na za zinki hutiwa katika mafuta ya kujikinga na jua. Kisha nguo hufuliwa, ngozi huoshwa, na maji huenda zake. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Arizona, nchini Marekani, walifua soksi za namna hiyo katika maji, wakayapima yale maji. Soksi nyingine ziliachilia karibu fedha yake yote baada ya kufuliwa mara chache.

Na maji hayo yaenda wapi? Katika miji yenye mitambo ya kusafisha maji machafu, yaingia katika mabirika makubwa ambamo vijidudu hai hula uchafu. Ufundi huo si wa jana. Waingereza wawili, Edward Ardern na William Lockett, waliueleza mwaka 1914 huko Manchester: maji machafu yapewa hewa, vijidudu vyaongezeka, vyala, vyashuka chini pamoja na tope, na maji ya juu yatoka yakiwa afadhali. Miji mingi ya dunia yaishi kwa kazi ya watumishi hao wasioonekana. Sasa angalia: fedha iliyotiwa katika soksi ili kuua vijidudu yafika katika birika ambamo vijidudu ndio wafanyakazi wetu. Ni kama mtu aliyemwaga sumu ya panya ghalani, paka wake akaila.

Lakini tusitie chumvi. Wenye elimu wamepima na kuona kwamba ndani ya tope lile sehemu kubwa ya fedha hiyo hushikamana na salfa, ikawa kama imelala, na ukali wake wapungua sana. Hata hivyo haikutoweka. Katika nchi nyingi tope lile humwagwa mashambani kuwa mbolea. Na chembe nyingine, za aina nyingine, hupita na maji hadi mtoni, kwa sababu mabirika yale hayakutengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo hivyo.

Hapo ndipo walipoingia wale vijana ambao mwanafunzi wangu alisoma habari zao. Mwaka 2017 kikundi cha wanafunzi wa sekondari wa Taipei, katika Taiwan, kilipeleka kazi yake Boston, katika mashindano yanayoitwa iGEM, ambayo vijana hushindania ufundi wa kubadili viumbe hai. Walichukua bakteria inayoitwa E. coli, jamaa ya zile zinazokaa matumboni mwetu sote. Wakafikiri njia mbili. Njia ya kwanza, kuipa bakteria ile jeni, yaani amri ya urithi, ili ifanye katika ngozi yake protini inayoitwa proteorodopsini. Protini hiyo yaweza kushika sitrati, ambayo ni ndugu ya ile asidi ya ndimu, na chembe nyingi za nano hufunikwa kwa sitrati ili zisigandamane. Kwa hiyo kijidudu chashika chembe kama mtu anayeshika kikapu kwa mkono wake. Njia ya pili, kukifanya kijidudu kitoe ute mwingi unaonata kama bamia, na chembe za kila namna zinase humo. Yalikuwa majaribio ya watoto wa shule. Si mtambo unaosafisha mji mzima. Lakini wazo ni zuri, na nasema kweli, niliposikia kwamba ni watoto wa umri wa wanafunzi wangu, niliona haya kidogo kwa jibu langu.

Basi turudi kwenye swali. Je, ni dhambi?

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa hii: kwamba mtu ajifanya mwumba. Nikiitazama vizuri, hofu hiyo haisimami. Wale vijana hawakuumba proteorodopsini. Ilionekana mara ya kwanza mwaka 2000 katika vijidudu vya baharini, ambako Mungu aliiweka kabla mtu hajajua kwamba ipo. Waliihamisha tu kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, alipofafanua kitabu cha Mwanzo, alifundisha kwamba Mungu ameficha katika ulimwengu mbegu za mambo mengi, nazo huchipuka kwa wakati wake. Mkulima achaguaye mahindi bora kwa mbegu, mama atiaye chachu katika unga, wote wawaamsha viumbe waliolala. Tena tukumbuke kwamba mkate wa kila siku na divai ya altare haviko bila kazi ya vijidudu vya chachu. Divai haijiundi yenyewe mzabibuni.

Na wagonjwa wetu wa sukari? Tangu mwaka 1982 dawa ya insulini hutoka katika bakteria zilizopewa jeni ya mtu, na zamani ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mkristu mwenye sukari anayejidunga sindano asubuhi, kisha akaenda kwenye Misa, hatendi kosa lolote. Sijapata kusikia padri akimkataza. Kanisa lafundisha kwamba mamlaka ya mtu juu ya viumbe ni ya kweli, lakini si mamlaka yasiyo na mpaka. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, hakuukubali ufundi huu wote kwa jumla wala hakuukataa wote. Alitaka kila jambo lipimwe kwa hali yake.

Kwa hiyo nilikosa, nami nilimwambia kijana kwamba nilikosa. Alitabasamu, akaniuliza: «Basi ni halali?» Nikamwambia: pole pole.

Kwa maana insulini hutengenezwa katika mapipa ya chuma yaliyofungwa. Kijidudu chafanya kazi ndani, chafa ndani, na dawa peke yake hutoka. Kijidudu cha kusafisha maji ni kazi nyingine. Lazima kikutane na maji ya watu, na maji hayatulii. Swali lahama kutoka kwa yule aliyetengeneza, lafika kwa yule anayefungua mlango.

Sisi wa Kongo twajua habari za mlango uliofunguliwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 lilionekana katika mto wetu mkubwa gugu-maji lenye maua mazuri ya zambarau, asili yake Amerika ya Kusini. Lilienea mbio hata watu wa mtoni wakaliita kwa Kilingala «Kongo ya Sika», yaani Kongo Mpya. Serikali ya wakati ule ililipiga kwa dawa za sumu. Gugu lipo hadi leo, laziba vijito na kusumbua mitumbwi. Hakuna aliyekusudia hayo.

Lakini haki yanidai niseme na habari ya pili. Mwaka 1959 watu walichukua samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, jamaa ya ndagala, wakawatia katika Ziwa Kivu, ambalo lilikuwa na samaki wachache. Leo twawaita sambaza. Usiku taa za wavuvi zaonekana ziwani kama mji mwingine, na asubuhi akina mama wauza sambaza sokoni Bukavu na Goma. Ni nani kati yetu hakulelewa kwa sambaza? Hata mimi ninayeandika nimekula leo. Wenye elimu ya maziwa wameona pia kwamba mdudu mmoja mdogo wa majini, aliyekuwa chakula cha sambaza, ametoweka katika ziwa tangu walipokuja. Faida kubwa, na hasara ambayo hakuna mama sokoni anayeijua.

Gugu lilituletea taabu, sambaza walituletea chakula, na wote wawili wamefanana katika jambo moja: hawarudishiki. Ndilo jambo ninalotaka wasomaji waliangalie. Ukijenga daraja baya, waweza kulibomoa. Ukiachilia kiumbe kinachozaa, umetoa neno ambalo hutaweza kulimeza tena. Na kijidudu chazidi gugu na samaki kwa jambo lingine. Tangu mwaka 1946, kwa kazi ya Wamarekani Joshua Lederberg na Edward Tatum, twajua kwamba bakteria hupeana urithi zenyewe kwa zenyewe, hata zisipokuwa mama na mtoto. Jeni uliyokipa kijidudu chako yaweza kuhamia kwa jirani yake usiyemjua.

Wenye ufundi huo wameyajua hayo mapema, na yafaa tuwape sifa yao. Mwezi wa Februari 1975 wataalamu kama 140 walikutana Asilomar, katika California, wakajiwekea wenyewe masharti kabla serikali haijawalazimisha. Si kila siku tunaona wenye nguvu wakijifunga mikono hivyo. Mwaka 1996 huko Oak Ridge, katika Tennessee, walipotia udongoni kwa mara ya kwanza kwa ruhusa ya serikali ya Marekani kijidudu kilichobadilishwa kwa kazi ya usafi, hawakukimwaga porini. Walikitia katika mapipa makubwa yaliyofukiwa ardhini, wakakifuatilia muda wa miaka miwili hivi. Chenyewe kilitoa mwanga kilipokutana na uchafu kiliotumwa kuula. Mwaka 2015 wataalamu wa Harvard na wa Yale walionyesha bakteria zilizofungwa kwa njia ya pekee: haziwezi kuishi bila chakula kimoja kinachotengenezwa na watu, kisichopatikana popote duniani. Zikitoroka, zafa njaa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapoeleza fadhila ya busara, aihesabu tahadhari kuwa sehemu yake. Asema kwamba mabaya yanayotokea mara kwa mara akili yaweza kuyajua na kuyakinga. Yale yatokeayo kwa nadra hatuwezi kuyakinga yote, lakini mwenye busara hujitayarisha ili yakimfikia yasimwumize sana. Kamba ile ya Harvard na Yale ni tahadhari ya namna hiyo. Lakini mtu asidhani kwamba kamba ndiyo busara yote. Mwenye mbwa mkali aweza kuwa na mnyororo mzuri kabisa, na bado tukamwuliza: mbwa huyo ni wa nini?

Twaingia sasa katika kiini cha neno langu.

Kila mtoto wa katekisimu ajua matendo ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Tena ajua kwamba majuto si majuto pasipo nia thabiti ya kutorudia. Tuseme mtu ameiba mbuzi wa jirani. Aenda kuungama, asali rozari nzima magotini, lakini mbuzi amfungia nyuma ya nyumba yake, na macho yake yapo kwa mbuzi wa pili. Padri hatamwondolea dhambi. Rozari ni njema, lakini haiwezi kufanya kazi ya kumrudisha mbuzi, wala ya kumgeuza moyo mwizi.

Nionavyo mimi, kijidudu cha kusafisha ni kama rozari ile. Chaweza kuwa malipizi ya kweli, na malipizi ni wajibu: aliyechafua asafishe. Lakini kuna hatari kubwa kwamba tutakitumia ili tusijute. Mwenye kiwanda atasema: «Naweza kutia fedha katika kila soksi ya dunia, kwa maana huko mwisho wa bomba yuko mtumishi atakayeiokota.» Hapo usafi umegeuka kuwa ruhusa. Kijidudu hakitendi dhambi, basi hakiwezi kutubu kwa niaba yetu.

Nilipofika hapo nilijiona nimesema vizuri. Yule kijana akanikata. «Mwalimu,» akasema, «mama anayechota maji huko chini hakuvaa soksi zile. Angoje mpaka mwenye kiwanda atubu?»

Nakiri kwamba sikuwa na jibu tayari. Ana haki. Katika kiti cha maungamo mkosaji na mwenye kulipa ni mtu mmoja. Mtoni si hivyo: mmoja achafua, mwingine anywa. Msamaria mwema hakuuliza kwanza kama wanyang'anyi wametubu. Aliosha jeraha kwa divai na mafuta siku ile ile. Na mganga wa hospitali humtibu mlevi aliyevunjika mguu, ijapokuwa ajua kwamba Jumamosi atalewa tena. Kama kijidudu chaweza kumwokoa yule mama na sumu, tena kikiwa kimefungwa vizuri na kuangaliwa, basi kumnyima msaada huo ili tumfundishe adabu tajiri wa mbali ni ukatili. Hapo nilibadili neno langu kwa mara ya pili, na sasa nalisema hivi: kusafisha kusingoje toba, na toba isidhaniwe imekwisha kwa sababu ya kusafisha. Ni madeni mawili. Msamaria alilipa gharama za nyumba ya wageni, lakini njia ya Yeriko ilibaki na wanyang'anyi wake, na mtu fulani alikuwa na wajibu wa kuilinda.

Tena si kila uchafu una uzito mmoja. Jeraha la moto na harufu ya miguu si mambo mamoja. Fedha iliyomo katika bandeji ya mtoto aliyeangukia sufuria ya uji yaokoa ngozi yake na labda maisha yake. Kama sehemu yake yaingia majini, tutaichukua hasara hiyo, na hapo mtumishi wa kuiokota ni rafiki yetu. Fedha iliyomo katika soksi yaokoa nini? Sabuni na jua vyatosha. Naona haifai kutengeneza kiumbe kipya, na kuingia katika hatari zake zote, ili kukusanya kitu ambacho hakikuhitajika kutupwa. Kabla ya kuuliza kama kijidudu ni halali, tuulize kama uchafu wenyewe ulikuwa wa lazima. Katika vitabu na magazeti niliyosoma nimeona swali la kwanza mara nyingi, na la pili mara chache sana. La kwanza ni la ufundi na laleta sifa. La pili ni la kujinyima.

Liko pia jambo la mwenye mali. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa India, Ananda Chakrabarty, alikuwa akifanya kazi Marekani katika kampuni ya General Electric. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitengeneza bakteria yenye uwezo wa kula sehemu mbalimbali za mafuta ya petroli. Kampuni ikaomba hati ya umiliki. Kesi ilifika mahakama kuu ya Marekani, na tarehe 16 Juni 1980 mahakimu 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba kiumbe hai kilichofanywa na mtu chaweza kupewa hati hiyo. Kuhusu hatari zake, walisema jambo hilo ni la wenye kutunga sheria. Labda kwa hakimu ni sawa, maana kazi yake ni kusoma sheria iliyopo. Lakini mtu wa kawaida aona kwamba umiliki ulipata jibu siku ile, na uwajibikaji uliahirishwa. Kwetu kijijini, mwenye ng'ombe ndiye mwenye shamba lililoliwa na ng'ombe wake. Huwezi kudai maziwa na kukana kwato.

Kijidudu chenyewe cha Chakrabarty hakikupata kutumwa baharini. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska, watu walinyunyiza mbolea katika fukwe ili kuvipa nguvu vijidudu vya huko huko, ambavyo tangu asili vilijua kula mafuta. Jambo hilo lanipendeza. Nchini Ubelgiji, mwaka 1976, wataalamu walipata katika tope la kiwanda cha zinki bakteria iliyozoea kuishi kati ya metali zenye sumu, na jamaa zake zilipatikana baadaye hata katika udongo wa machimbo ya Katanga yetu. Hakuna aliyezibadili. Zilijizoeza zenyewe kuvumilia yale tuliyoyamwaga. Mwenye busara atazame kwanza watumishi waliokwisha kuwamo nyumbani kabla ya kuajiri mgeni.

Msomaji wa Bukavu ataniuliza: hayo yatuhusu nini sisi? Vijana wa Taipei walikifikiria kijidudu chao kwa ajili ya mji wenye mabirika ya kusafisha maji. Kwetu vijito vyashuka kutoka mlimani, vyapita kati ya nyumba, vyachukua kila kitu, na vyaingia ziwani moja kwa moja. Kijidudu bora cha dunia, ukikileta hapa, utakitia wapi? Hakuna birika la kukifungia. Utakuwa umekitia ziwani. Kwa hiyo kwetu mambo yageuka: nchi isiyo na birika ndiyo yenye shida kubwa zaidi ya maji safi, tena ndiyo isiyoweza kumfunga mtumishi huyu. Mtu asitushawishi kwa haraka, kwa sababu tu tuna shida. Mapatano ya Cartagena, yaliyokubaliwa Montreal mwezi wa Januari 2000, yameweka sheria ya viumbe vilivyobadilishwa vinapovuka mipaka ya nchi. Lakini karatasi yahitaji macho. Bila watu wetu wenyewe wanaojua kuangalia katika darubini, tutatia sahihi kama kipofu.

Ndiyo maana sikumwambia kijana aiache elimu ile. Nilimwambia asome kwa bidii, na hesabu asizitoroke. Baba yake alicheka aliposikia, akasema kwanza mtoto amsaidie kuchimba choo kipya cha lupango, kwa kuwa cha zamani kimejaa na mvua zakaribia. Naye pia ana haki. Walikichimba pamoja majuma mawili, mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Kijana ndiye aliyechagua mahali.

Nasema jambo moja la mwisho juu yangu mwenyewe. Mwaka jana mgeni mmoja aliyezuru parokia aliniachia zawadi, soksi jozi tatu nzuri za kijivu. Baada ya mazungumzo hayo nilizitoa sandukuni, nikasoma karatasi yake ndogo: zimetiwa fedha. Nilikuwa nimekwisha kuzivaa na kuzifua, sijui mara ngapi, katika beseni nyuma ya nyumba, na maji yale niliyamwaga mtaroni, ambao washuka ziwani. Nimezirudisha sandukuni. Kumpa mtu mwingine ni kumpa kufua kwake, na kuzichoma sijui ni kutuma nini hewani. Kijana aliniambia nimngojee, anatafuta jibu.